Majagina Bila Daftari: Machakos na Heshima ya Soka ya Shule na Vyuo

Heshima rasmi ya mchezaji au kocha huanzia kwenye daftari. Kabla ya sanamu kusimamishwa, kabla ya uwanja kupewa jina na kabla ya mgeni wa heshima kupanda jukwaani, sharti awe amekuwepo mtu aliyeandika nani alicheza, lini, dhidi ya nani, na matokeo yakawa yapi. Kenya imezaa majagina wengi wa kabumbu, na wengi wao macho ya watu yaliwaona kwanza kwenye viwanja vya shule. Maandishi juu yao ndiyo yaliyo machache. Machakos, mji ulio kilomita zipatazo 60 kusini mashariki mwa Nairobi, unafaa kuwa mfano wa kulichunguza jambo hili, kwa kuwa una karibu kila kinachohitajika: shule kongwe, chuo kikuu, uwanja wa hadhi, wachongaji stadi, na angalau fainali moja ambayo Afrika Mashariki yote iliitazama.

Mji wenyewe ni mkubwa kwa umri kuliko Nairobi. Kampuni ya Imperial British East Africa ilianzisha kituo chake hapo mwaka 1889, na makao ya utawala yakahamishiwa Nairobi miaka kumi baadaye, reli ilipofika huko. Jina lake ni la mtu: Masaku, kiongozi na mtabiri wa Wakamba. Shule ya Machakos ilianzishwa mwaka 1915, na Chuo Kikuu cha Machakos kilipata hati ya kujitegemea mwaka 2016. Vizazi kadhaa vya vijana vimepiga mpira katika taasisi za mji huu na za milima inayouzunguka. Waliokwenda mbali hukumbukwa kwa midomo ya waliosoma nao, nao wenye kukumbuka hupungua kila mwaka.

Uwanja mkuu wa mji ni Uwanja wa Kenyatta. Ulikarabatiwa na kupambwa upya katika muhula wa kwanza wa gavana Alfred Mutua, baada ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013, na tangu hapo klabu za Ligi Kuu ambazo hazina viwanja vya kwao zimekuwa zikiutumia kama uga wa nyumbani. Siku yake kubwa zaidi ilikuwa Desemba 17, 2017, fainali ya Kombe la Chalenji la CECAFA kati ya Kenya na Zanzibar. Wageni walikuwa wameiondoa Uganda katika nusu fainali, nao walikuja Machakos wakiwa na kidonda: mwezi Machi mwaka huo Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Soka la Afrika, na miezi minne baadaye ikavuliwa uanachama huo. Ovella Ochieng aliifungia Kenya mapema kabisa. Zanzibar ikasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache. Katika muda wa ziada Masoud Juma akairudisha Kenya mbele, na Zanzibar ikasawazisha tena. Mikwaju ya penalti ndiyo iliyoamua, kipa Patrick Matasi akipangua na wenyeji wakishinda 3-2. Kocha wa Kenya alikuwa Mbelgiji Paul Put, ambaye hakuwa amemaliza hata miezi miwili kazini. Wa Zanzibar alikuwa Hemed Suleiman, maarufu kwa jina la Morocco, ambaye miaka michache baadaye angeinoa Taifa Stars ya Tanzania. Mechi ya namna hiyo, mahali pengine, ingekuwa imepata kibao cha shaba kwenye lango la uwanja kabla ya mwaka kwisha.

Uwanja huo una jina la rais wa kwanza wa taifa, na kwa hilo haujapishana na vingine. Uwanja mkubwa wa Kasarani ulifunguliwa mwaka 1987 kwa jina la rais wa pili. Ule wa Nyayo ulibeba wito wake wa kisiasa. Kisumu kuna Moi na kuna Jomo Kenyatta. Narok kuna William ole Ntimama. Desturi ni ileile nchi jirani: Dar es Salaam kuna Benjamin Mkapa, Mbeya kuna Sokoine. Arusha imejitofautisha kidogo, maana Sheikh Amri Abeid, ambaye uwanja wa huko unaitwa kwa jina lake, alikuwa waziri lakini pia alikuwa mshairi na mwalimu wa kanuni za ushairi. Hata hivyo hakuna anayemkumbuka kwa kupiga mashuti. Wanasiasa ndio hutoa fedha za kujenga, kwa hiyo wanasiasa ndio huandikwa ukutani, na haielekei desturi hiyo itabadilika upesi.

Wapo waliopenya. Eldoret kuna uwanja wa Kipchoge Keino, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1968 na 1972, na huyo ni mwanariadha. Kwa upande wa soka mfano bora wa Afrika Mashariki uko Kampala, ambako klabu ya KCCA huchezea Lugogo katika uwanja uliopewa jina la Phillip Omondi. Omondi alikuwa mshambuliaji wa klabu hiyo tangu ikiitwa KCC, na alikuwa katika kikosi cha Uganda kilichofika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1978 na kufungwa na Ghana 2-0 mjini Accra. Katika michuano hiyo alifunga mabao matatu na kuwa miongoni mwa vinara wa ufungaji. Uwanja umepitia majina ya wadhamini, kama ilivyo biashara ya siku hizi, lakini jina la Omondi limerudi na limebaki humo. Anayeingia Lugogo kutazama mechi ya ligi hulisoma jina la mchezaji bila kulitafuta.

Kenya ilifanya jambo kama hilo mara moja, na ikalifanya kwa kuchelewa. Joe Kadenge, mzaliwa wa Vihiga, aliichezea Maragoli United, kisha Abaluhya ambayo leo ni AFC Leopards, na timu ya taifa ya miaka ya 1960. Umaarufu wake ulijengwa na redio kuliko kitu kingine. Msemo wa "Kadenge na mpira", unaohusishwa na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ulienea hadi kwa watu ambao hawakuwahi kumwona akicheza, na ungali unatumiwa na waliozaliwa baada yake kustaafu. Lakini ukiuliza alifunga mabao mangapi kwa klabu na taifa, majibu hutofautiana kulingana na anayejibu. Filamu za mechi zake ni adimu mno. Alifariki Julai 7, 2019, akiwa na umri wa miaka 84, na ndipo Kaunti ya Nairobi ilipotangaza kwamba City Stadium utaitwa Uwanja wa Joe Kadenge. Mashabiki wengi bado wanauita City. Jina jipya hushika pale watu wanapoliona likitumika kwenye tiketi, kwenye ratiba na kwenye matangazo, na kwa muda mrefu uwanja huo umekuwa na misimu mingi ya kufungwa kuliko ya kuchezewa.

Kama wachezaji wamesahauliwa nusu, makocha wamesahauliwa robo tatu. Marshall Mulwa ndiye mfano ulio wazi. Aliiongoza timu ya taifa, Harambee Stars, kutwaa Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo. Mwaka 1981, nchini Tanzania, Kenya iliwafunga wenyeji 1-0 katika fainali. Mwaka 1982, nchini Uganda, fainali dhidi ya wenyeji iliisha 1-1 na Kenya ikashinda kwa penalti 5-3. Mwaka 1983, nyumbani, ikaifunga Zimbabwe 1-0. Kuwashinda Watanzania kwao, kisha Waganda kwao, kisha kuulinda ubingwa kwako mbele ya watu wanaotarajia ushindi tu, ni mtihani wa aina tatu tofauti, na aliufaulu kwa miaka mitatu bila kuruka hata mmoja. Hakuna kocha mwingine wa timu hiyo, Mkenya au mgeni, aliyefanya hivyo. Hata hivyo mwanafunzi wa shule ya upili aliye Machakos leo anaweza kutaja makocha watano wa Ligi Kuu ya Uingereza kabla ya kulisikia jina la Mulwa.

Jacob Mulee, anayejulikana zaidi kama Ghost, ametendewa vyema kidogo, na sababu yake inachekesha: ni redio tena. Mulee ndiye aliyekuwa kocha Kenya ilipopata ushindi wake wa kwanza kabisa katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilikuwa Tunisia, mwaka 2004. Kenya ilikuwa tayari imefungwa na Mali na Senegal, ndipo ikaichapa Burkina Faso 3-0 kwa mabao ya Emmanuel Ake, Dennis Oliech na John Baraza. Timu za 1972, 1988, 1990 na 1992 zote zilikuwa zimerudi nyumbani bila kushinda mechi. Lakini wasikilizaji wa kipindi cha asubuhi cha Radio Jambo, alichokiendesha pamoja na mtangazaji mwenzake Gidi, humtambua kwa kicheko chake na kwa kusuluhisha ugomvi wa wapenzi kuliko kwa usiku huo wa Tunisia.

James Siang'a ni wa aina nyingine: heshima yake iko nje ya nchi kuliko ndani. Alikuwa kipa wa Gor Mahia na wa kikosi cha Kenya kilichokwenda Cameroon mwaka 1972, fainali za kwanza za taifa hili. Akiwa kocha aliivusha Simba ya Dar es Salaam hadi hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2003, baada ya kuwang'oa mabingwa watetezi, Zamalek ya Misri, kwa penalti mjini Cairo. Mashabiki wa Simba husimulia mechi hiyo hadi leo. Siang'a alifariki mwaka 2016.

Nyuma ya majina hayo wako walimu. Soka ya shule nchini Kenya imejengwa juu ya mwalimu anayefundisha somo lake asubuhi na kushika filimbi saa kumi jioni, mara nyingi bila malipo ya ziada. Kakamega ndiyo shule inayotajwa kwanza. Timu yake, Green Commandos, ilitisha nchi nzima chini ya mwalimu Chris Makokha, na vijana wake wakatapakaa katika klabu kubwa. Shule ya St Anthony's ya Kitale na Musingu zilifuata njia hiyohiyo. Kamukunji ya Nairobi ilisomesha McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama; Mariga akawa mchezaji wa kwanza kutoka Afrika Mashariki kutwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya, akiwa na Inter Milan mwaka 2010. Kila mwaka, muhula wa pili, mashindano ya shule huanzia kaunti ndogo, yakapanda hadi kaunti, eneo na taifa, na mabingwa wakaenda kukutana na wenzao wa Uganda, Tanzania na Rwanda. Maskauti wa klabu hukaa pembeni ya uwanja na kalamu zao. Ni wachache wengine wanaoandika.

Wasichana wameionyesha nguvu ya shule hata kuliko wavulana. Mwaka 2024 Junior Starlets, chini ya kocha Mildred Cheche, ilikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza fainali za Kombe la Dunia la FIFA katika kiwango chochote. Ilikuwa michuano ya wasichana wasiozidi miaka 17 katika Jamhuri ya Dominika. Ilifungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, kisha ikaifunga Mexico 2-1. Wengi wa wachezaji hao walikuwa wanafunzi waliotoka moja kwa moja kwenye timu za shule, na walimu waliowafunza kupiga pasi wapo hai na wanafundisha. Kama kuna kundi ambalo daftari lake linaweza kuandikwa kabla wino haujakauka, ni hili.

Rekodi za wakubwa zimepotea kwa sababu zinazoeleweka. Chombo kinachosimamia soka kimebadilika jina na uongozi mara nyingi: KFF, KFL, FKF, na vingine kabla yake. Mnamo Novemba 2021 wizara ililivunja shirikisho na kuweka kamati ya muda. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na adhabu ikaondolewa Novemba mwaka huo. Ofisi inayohamishwa kwa ugomvi haihamishi makabati kwa utaratibu. Katika shule tatizo ni jingine. Kumbi nyingi za shule kongwe za Kenya zina ubao wa mbao iliyong'arishwa wenye majina ya viranja wakuu na ya waliotia fora katika mtihani wa kitaifa, mwaka baada ya mwaka. Timu ya soka hupewa kabati la vioo lenye vikombe. Kikombe huandikwa jina la shule na mwaka, basi. Kipa aliyeokoa penalti ya mwisho hayumo. Wazazi na walimu wamezoea kuona masomo ndiyo yanayostahili ubao, na mpira ni jambo la jioni.

Nchi iliyokwenda mbali zaidi katika kuwaenzi wachezaji na makocha wa vyuo ni Marekani, ingawa mchezo wenyewe si huu. Huko soka ya vyuo ni ule mpira wa umbo la yai unaoshikwa kwa mikono, wachezaji wakivaa kofia ngumu na kugongana kwa mabega. Jumba la Heshima la mchezo huo katika vyuo lilianzishwa mwaka 1951. Jengo lake la kwanza lilikuwa Ohio, likahamia South Bend katika jimbo la Indiana, na tangu Agosti 2014 liko katikati ya jiji la Atlanta. Mgeni anapoingia hukuta ukuta wenye kofia za timu zaidi ya 700 za vyuo, na kofia ya chuo anachokipenda huwaka taa kwa ajili yake. Ni mbwembwe, lakini ni mbwembwe zilizosimama juu ya kazi nzito ya makarani.

Vigezo vyake ndivyo vinavyofaa kusomwa kwa makini. Mchezaji hawezi kufikiriwa kama hakuwahi kuchaguliwa katika kikosi cha kwanza cha nyota wa taifa na wachaguzi wanaotambuliwa. Lazima misimu kumi kamili iwe imepita tangu acheze chuoni, awe alicheza ndani ya miaka 50 iliyopita, na awe ameacha mchezo wa kulipwa. Maisha yake ya uraia baada ya mpira nayo hupimwa. Kanuni ya kusubiri miaka kumi ina busara: inaupa umma muda wa kujua kama sifa ilikuwa ya msimu mmoja, na inampa mchezaji muda wa kuonyesha ni mtu wa namna gani. Kocha naye sharti awe aliongoza timu kwa miaka isiyopungua kumi na mechi zisizopungua 100, na awe alishinda asilimia 60 ya mechi hizo.

Kigezo hicho cha mwisho kimezua mabishano ya kweli. Mike Leach, kocha aliyebadili namna vyuo vingi vinavyoshambulia, alifariki Desemba 2022 akiwa na ushindi 158 na vipigo 107, yaani asilimia 59.6. Akakosa kwa chini ya nusu asilimia. Mwaka 2025 wasimamizi walitangaza kuwa kuanzia 2027 kiwango kitashuka hadi 59.5. Unaweza kuucheka uamuzi huo au kuusifu, lakini mabishano ya nukta moja ya asilimia hayawezekani kabisa pasipo mtu aliyehesabu kila mechi. Mulwa hawezi kubishaniwa hivyo. Makokha hata hawezi kuanza kubishaniwa.

Wamarekani wana idadi hizo hata kwa waliokufa zamani. Knute Rockne wa Notre Dame, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1931, anajulikana kwa ushindi 105, vipigo 12 na sare tano. Amos Alonzo Stagg, aliyekuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Chicago kwa zaidi ya miaka 40, aliingizwa katika kundi la kwanza kabisa kwa sifa mbili, ya mchezaji na ya kocha. Eddie Robinson alikaa chuo kimoja, Grambling huko Louisiana, tangu 1941 hadi 1997, akaondoka na ushindi 408. Grambling ni chuo cha Wamarekani weusi, na kwa miongo mingi ya kazi yake vyuo vikubwa vya kusini havikuwa vikiwapokea vijana aliokuwa akiwafundisha. Kuingizwa kwake kulirekebisha kasoro fulani ya orodha yenyewe, kwani majumba ya heshima nayo hubeba ubaguzi wa zama zake.

Kuna uzi unaoiunganisha Afrika Mashariki na mchezo huo. Mathias Kiwanuka, aliyezaliwa Indianapolis, ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye jaji mkuu, aliyeuawa mwaka 1972 wakati wa utawala wa Idi Amin. Mathias alicheza Boston College, na chuo hicho kinamtambua kwa rekodi ya kumwangusha mrushaji wa timu pinzani mara 37 na nusu. Nusu ni pale wachezaji wawili walipomwangusha pamoja na kugawana sifa. Mwaka 2006 alichaguliwa na New York Giants, akatwaa nao ubingwa wa taifa mara mbili. Chuo kinachohesabu nusu ya tendo moja la uwanjani kina uwezo wa kumkumbuka mtu sawasawa.

Boston ina kumbukumbu nyingine ya watu wa Machakos hasa. Cosmas Ndeti, mzaliwa wa Machakos, alishinda mbio za marathon za jiji hilo mwaka 1993, 1994 na 1995, na muda wake wa mwaka 1994, saa 2:07:15, uliandikwa na unapatikana kwa yeyote anayeutaka. Patrick Makau, naye wa Ukambani, aliweka rekodi ya dunia ya 2:03:38 mjini Berlin Septemba 2011. Wakimbiaji wametunzwa na saa ya waandaaji wa nje. Mchezaji wa soka wa shule hana saa hiyo.

Nyumbani, mchezo uliojaribu zaidi ni raga. Klabu ya Mwamba huandaa mashindano ya Kabeberi Sevens kwa kumbukumbu ya mchezaji wake wa zamani, George Kabeberi. Machakos nayo imewahi kuwa na mashindano yake, Masaku Sevens, ingawa hayo yalibeba jina la mahali na la sherehe kubwa zaidi ya mchezo wenyewe. Kulipa shindano jina la mchezaji ni njia ya gharama nafuu: haihitaji saruji, na jina hutajwa upya kila mwaka hata na asiyemjua. Soka ya shule ina mashindano mengi yenye majina ya wadhamini. Ni rahisi kutenga kombe moja, la kipa bora au la mwalimu bora, na kuliita kwa jina la aliyestahili.

Sheria ipo pia. Katiba ya 2010 iliigeuza Oktoba 20 kutoka Siku ya Kenyatta kuwa Siku ya Mashujaa, mabadiliko yaliyotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa wengi. Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya 2014 iliweka baraza la kitaifa la kuwatambua wanaostahili, na wanamichezo wanaweza kupendekezwa. Nje ya serikali, tuzo za SOYA, zilizoanzishwa na Paul Tergat mwaka 2004, zina nafasi ya kuwaingiza wakongwe katika ukumbi wa heshima. Vyombo hivi viwili hutazama taifa zima na huelekea kuwaona waliovaa jezi ya taifa. Mwalimu aliyefunza vijana miaka 25 bila kuondoka Mwala au Kangundo, huku huku Machakos, hayumo katika upeo wao, na pengine hapaswi kuwamo. Huyo ni wa kaunti na wa shule yake.

Kwa hiyo orodha ya Machakos ingepaswa kuanzia chini. Vigezo vya Atlanta haviwezi kuhamishwa vilivyo: shule za Kenya hazichezi msimu mmoja mrefu wenye mechi zinazolingana, na asilimia ya ushindi ingempendelea mwalimu wa shule inayosajili wachezaji kutoka kaunti nyingine. Kigezo cha haki zaidi kingekuwa muda wa utumishi, idadi ya mara timu ilipovuka ngazi ya kaunti, na idadi ya vijana waliofika klabu za Ligi Kuu au timu ya taifa. Kanuni ya kusubiri miaka kumi ingefaa kuchukuliwa ilivyo. Kuhusu sanamu, kaunti haihitaji kuagiza mbali. Wamunyu, iliyomo ndani ya Machakos, ndiko ufundi wa uchongaji wa Kikamba ulikoenea kuanzia kwa Mutisya Munge baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na ushirika wa wachongaji wa huko umeuza twiga na vifaru kwa watalii kwa miongo mingi. Uso wa kocha haushindi pembe za kifaru kwa ugumu.

Kazi ya kwanza ni ya kukusanya, na vyanzo vyake vinajulikana. Shule hupiga picha ya timu kila mwaka, na zile za zamani zina majina yaliyopangwa chini kuanzia kushoto. Majarida ya shule yana taarifa za michezo zilizoandikwa na wanafunzi wenyewe, nyingine kwa majigambo, lakini zenye matokeo na tarehe. Magazeti ya Nation, Standard na Taifa Leo yalichapisha matokeo ya mashindano ya shule ya kitaifa, na nakala za zamani huhifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. Wachezaji wa miaka ya 1970 na 1980 wengi bado wapo, baadhi wakiwa wamestaafu ualimu na kurudi mashambani, na simulizi zao zinaweza kulinganishwa na yaliyochapishwa. Idara ya historia ya chuo kikuu kilichomo mjini humo ingeweza kuwapa wanafunzi kazi hii, shule moja kwa mwanafunzi mmoja, kuanzia na zile zilizo na picha nyingi ukutani.